Siku Nzima ya Kupumzika Paje: Mwongozo Kamili kwa Anayetoka Dodoma

Kabla hujaomba ruhusa kazini na kabla hujakata tiketi ya treni, toka nje usiku utazame mwezi. Wengi wetu wa Dodoma tukitaka kwenda Zanzibar tunaangalia mshahara umeingia lini na sikukuu gani imeangukia Jumatatu. Hayo yana nafasi yake, lakini ukishafika Paje siku yako itapangwa na maji: yapo saa ngapi, yanaondoka saa ngapi, yanarudi lini. Ukiyajua hayo ukiwa bado Area C au Nkuhungu, umemaliza nusu ya kazi. Usipoyajua utatokea ufukweni saa tano asubuhi na taulo begani, ukute bahari imehamia huko kwenye upeo wa macho, mbele yako mchanga mtupu, kisha uanze kulaumu picha za mtandaoni.

Ninachoeleza hapa ni siku moja kamili: unafika jioni, unalala, unaamka Paje na kushinda Paje, unalala tena, kesho yake unarudi. Kwa mfanyakazi wa Mtumba, kule Mji wa Serikali, hiyo ni ruhusa ya Ijumaa moja tu. Kwenda na kurudi ndani ya siku mbili inawezekana, ila utakachokikumbuka ni viti vya boti.

Kwa nini Paje, na si Nungwi

Nungwi na Kendwa ziko kaskazini mwa Unguja. Huko maji hayaendi mbali, unaweza kuoga karibu saa yoyote, na upande wa magharibi jua linazama baharini mbele ya macho yako. Anayetaka kuogelea kutwa na muziki usiku aende huko, wala asisite.

Paje iko pwani ya mashariki, kama kilomita 50 kutoka mjini. Hapa mwamba wa matumbawe uko mbali, zaidi ya kilomita moja kutoka ufukweni, na katikati kuna bahari tambarare ya kina kifupi yenye mchanga mweupe laini. Mawimbi makubwa yanavunjikia kule kwenye mwamba. Utayaona kama mstari mweupe na kuyasikia yakinguruma kwa mbali. Yanayokufikia wewe ni maji yaliyotulia. Kwa mtu aliyekulia Kondoa au Mpwapwa, ambaye kuogelea kwake ni kwenye bwawa la mifugo au hakupo kabisa, hiyo ni neema kubwa. Na kwa kuwa bahari ina saa zake za kuwepo na kutokuwepo, mji wote umejifunza kwenda taratibu. Hilo ndilo tunalolifuata.

Hatua ya kwanza: jifunze kusoma maji

Usiruke sehemu hii.

Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila baada ya saa 24 na ushee. Kutoka maji kujaa hadi kupwa ni kama saa sita na dakika chache. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa wastani wa dakika 50, kwa hiyo ratiba ya jana si ya leo.

Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta kwa mstari mmoja, na hapo panakuwa na bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti ya zaidi ya mita 3 wima. Bamvua lenyewe hukolea siku moja au mbili baada ya mwandamo au mwezi mpevu. Mwezi ukiwa nusu, mvuto unakatana, na maji huwa mafu: hupanda na kushuka kidogo tu, kama mita 1.

Jambo ambalo wavuvi wanalijua na wageni hawaambiwi ni kwamba kwa pwani yetu hii saa za bamvua hazibadilikibadiliki. Siku za bamvua maji hupwa kabisa kati ya saa nne asubuhi na saa sita mchana, na hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni. Siku za maji mafu ni kinyume chake: yanajaa mwendo wa saa nne asubuhi na kupwa mwendo wa saa kumi jioni. Huhitaji hata programu ya simu. Tazama kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa dukani kwa Mangi au msikitini: tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 za mwezi ni bamvua, karibu na tarehe 8 na 22 ni maji mafu.

Mimi nachagua bamvua. Asubuhi unatembea juu ya sakafu ya bahari, mchana unalala, jioni maji yanakufuata hadi karibu na kiti chako. Lakini kama una watoto wanaotaka kuoga tangu asubuhi, au muda wako ufukweni ni wa asubuhi tu, chagua siku za maji mafu. Bahari haiendi mbali na watoto wanaoga mpaka njaa iwarudishe.

Msimu nao uuangalie. Masika ya pwani, kuanzia katikati ya Machi hadi Mei, ni mvua kweli, si zile za Dodoma za kunyesha saa moja kisha jua. Nyumba nyingi za wageni hupunguza bei wakati huo na nyingine hufunga. Juni hadi Septemba upepo wa kusi unapoza hewa, lakini unaichafua bahari njiani. Desemba hadi Februari ni kaskazi: joto kali, na bahari huwa nafuu zaidi kwa boti. Julai, Agosti na mwisho wa Desemba wageni kutoka nje wanajaa na bei zinapanda. Ukiniuliza, Oktoba na Februari nje ya sikukuu ndiyo miezi ya mtu mwenye akili na pesa za kawaida.

Hatua ya pili: safari

Tangu treni ya umeme ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwezi Julai 2024, safari hii imekuwa kitu kingine. Treni inakimbia hadi kilomita 160 kwa saa, na kutoka Stesheni ya Samia kule Mkonze hadi Stesheni ya Magufuli, Dar, ni kama saa tatu hadi nne, kutegemea umepanda treni ya haraka au ya kawaida inayosimama stesheni nyingi. Nauli ya daraja la kawaida ilianzia shilingi 31,000. Kata tiketi mapema mtandaoni, maana za Ijumaa na Jumapili huisha haraka, na nenda na kitambulisho kile kile ulichokatia. Panda treni ya kwanza ya asubuhi.

Ukiamua kwenda kwa basi, kumbuka kwamba Magufuli wako wawili. Stendi ya mabasi ya Magufuli iko Mbezi, nje ya jiji, na kutoka hapo hadi bandarini ni safari nyingine yenye foleni zake. Stesheni ya treni ya Magufuli iko katikati ya jiji, na ukishuka hapo boti ziko jirani tu.

Hapo pia pana mtego. Ukimwambia bodaboda "nipeleke feri", atakupeleka Kivukoni kwenye pantoni ya Kigamboni na soko la samaki, na kwa lugha ya Dar hajakosea. Wewe sema "boti za Zanzibar", mbele ya Kanisa la Mtakatifu Yosefu. Ukifika nenda dirishani mwenyewe. Vijana watakaokudaka barabarani na kukuambia boti imejaa ila wao wana tiketi, wape salamu na upite.

Boti za mwendo kasi huchukua kama saa mbili. Lenga ile ya mchana, ya mwendo wa saa sita na nusu. Ya saa kumi jioni itakufikisha magharibi, na saa hiyo daladala za Paje zinakuwa zimeisha au ziko kwenye safari ya mwisho. Mtanzania hahitaji pasipoti. Kitambulisho cha taifa kinatosha, lakini kiwe mkononi maana kinaangaliwa.

Kuhusu tumbo: wakati wa kusi boti inarusha. Kula chakula chepesi, tangawizi au dawa ya kichefuchefu imeze nusu saa kabla ya kuondoka, kisha kaa nyuma chini, tazama mbali, usitazame simu. Usijidanganye kwamba umezoea barabara ya Kondoa kwa hiyo hutatapika. Hiyo ni mitikisiko miwili tofauti.

Ukishuka Malindi, bandari ya Zanzibar, una njia tatu. Daladala ni rahisi kuliko zote, na zinazoelekea huko ni za Bwejuu au Jambiani. Muulize mchukuzi yeyote bandarini zinapakia wapi, atakuonyesha. Gari la pamoja la abiria wachache huitishwa na nyumba za wageni ukiwaambia mapema. Teksi ya peke yako ni ghali, ila mkiwa wanne haiumi. Njia zote zinapita Tunguu na msitu wa Jozani. Pale kima punju, wale wekundu wenye nywele za kusimama, huvuka barabara wakijisikia, na madereva hupunguza mwendo. Kima hao hawapatikani popote duniani isipokuwa Zanzibar. Waone dirishani, inatosha. Siku yako si ya matembezi.

Hatua ya tatu: begi

Begi liwe dogo. Kitambulisho, pesa taslimu ulizotoa mjini, khanga mbili kwa mwanamke au mwanamume (moja ya kukalia, moja ya kujifunika), kofia, nguo za kuogea, fulana ya mikono ya kuogea nayo mchana, mfuko wa simu usioingiza maji, na yeboyebo zenye mkanda wa nyuma. Kandambili acha nyumbani: zinanasa kwenye mchanga na kuelea ukiingia majini. Mifuko ya plastiki hairuhusiwi kisiwani, kama ilivyo bara.

Mafuta ya kukinga jua si ya wazungu peke yao. Jua la Dodoma linatupiga kutoka juu tu. Ufukweni linapiga kutoka juu, kutoka kwenye mchanga mweupe na kutoka kwenye maji. Ngozi nyeusi nayo hubabuka, kuanzia puani na mabegani.

Jasho nalo lina mambo yake. Dodoma tunaishi mita 1,100 na kitu juu ya usawa wa bahari, hewa kavu, jasho linakauka kabla hujalihisi. Paje linabaki mwilini. Kunywa maji zaidi ya unavyodhani unahitaji, na chukua nguo za pamba. Ile suti ya kitenge chenye bitana uliyoshonea safari iache ikusubiri harusini.

Siku yenyewe

Tuseme ni siku ya bamvua. Siku za maji mafu geuza tu mpangilio: kuoga kuwe asubuhi, kutembea kuwe jioni.

*Alfajiri.* Amka na adhana. Paje na Dodoma ziko karibu mstari mmoja wa latitudo, lakini Paje iko mashariki zaidi, kwa hiyo jua lake huchomoza kama robo saa kabla ya letu. Kutegemea mwezi wa mwaka, ni kati ya saa kumi na mbili kasorobo na saa kumi na mbili na nusu na dakika zake. Linatoka majini moja kwa moja. Ufukweni saa hiyo kuna wavuvi, mbwa wawili watatu na watu wanaokimbia mazoezi. Maji yalijaa usiku wa manane kuelekea alfajiri, sasa yanaanza kurudi, lakini bado yapo. Ingia, kaa ndani mpaka saa moja na nusu hivi. Asiyejua kuogelea akae penye maji ya kiuno na ajilaze chali. Chumvi inambeba mtu zaidi ya maji ya bwawa. Ukiona maji yanashuka kutoka kiunoni hadi magotini bila wewe kusogea, hapo umeyaona maji ya kupwa kwa macho.

*Chai.* Usikimbilie kifungua kinywa cha hoteli chenye matunda manne kwenye sahani pana. Rudi nyuma, uvuke barabara ya lami, uingie kijijini. Kuna mzunguko pale ambapo barabara ya kutoka mjini inakutana na ya pwani. Kushoto inakwenda Bwejuu na Michamvi, kulia Jambiani na Makunduchi. Kuanzia hapo kwenda ndani kuna akina mama wenye vitumbua, mandazi, chapati, maharage ya nazi na chai yenye iliki na mdalasini. Salimia kabla ya kuuliza bei. Kijijini huko jifunge khanga au vaa suruali. Nguo za kuogea mwisho wake ufukweni. Ukienda mwezi wa Ramadhani, kula na kunywa kwa siri ndani ya nyumba uliyofikia mpaka magharibi.

*Saa tatu hadi saa tano na nusu: bahari imeondoka.* Hii ndiyo sehemu tamu ya siku, na ndiyo wengi wanaipoteza kwa kulala wakisubiri maji. Vaa yeboyebo, kofia, chukua chupa ya maji, utembee kuelekea mwamba.

Utaanza na mchanga ulioviringika mistari, mgumu chini ya mguu. Kisha vidimbwi vya maji ya uvuguvugu vyenye samaki wadogo wa milia na kaa wanaokimbia upande upande. Kisha nyasi za baharini, na hapo punguza mwendo utazame unapokanyaga, maana nungu wa bahari, wale weusi wenye miiba mirefu, hukaa kwenye mashimo na kando ya mawe. Mwiba wao huvunjikia mguuni. Kiti cha pweza, yule mwenye ncha tano na rangi nyekundu, mtazame alipo. Wageni wanapenda kumwinua na kupiga naye picha. Nje ya maji anaumia, na akirushwa tena si kwamba amepona.

Mbele zaidi utaona vigingi vifupi vya miti vimepangwa safu, na kati ya safu na safu kamba zenye vichaka vya rangi ya hudhurungi au kijani. Hayo ni mashamba ya mwani. Kilimo hiki kilianza Paje na Jambiani mwishoni mwa miaka ya 1980, na karibu chote kiko mikononi mwa wanawake. Wanafunga vipande vidogo vya mwani kwenye kamba kwa vijikamba vyembamba wanavyoviita taitai, wanaviacha vikue wiki kadhaa, kisha wanavuna, wanaanika na kuuza. Mwani husafirishwa nje, na utomvu wake huingia kwenye vitu kama dawa ya meno na aiskrimu. Aina wanayopata bei nzuri zaidi, kotonii, imekuwa ikifa kwa joto la maji, kwa hiyo wengi wamebaki na spinosamu yenye bei ndogo. Wao wanafanya kazi hasa siku za bamvua, maana ndipo maji yanawaachia saa za kutosha.

Usikate katikati ya safu wala kuruka kamba. Pita pembeni. Na usipige picha ya mtu aliyeinama kazini bila kumwomba. Ukisimama ukasalimia vizuri, mazungumzo yanakuja yenyewe:

"Shikamoo mama. Poleni na kazi."

"Marahaba mwanangu, tushapoa. Mwatoka wapi?"

"Dodoma."

"Dodoma! Kwenye zabibu. Hebu nishikie kamba hii basi."

Na utashika kamba dakika kumi, mgongo ukuambie kwamba hii si kazi ya picha. Ukitaka kumuunga mkono mtu, nunua sabuni za mwani zinazotengenezwa na wanawake hapo hapo Paje. Ni zawadi nyepesi na hazivunjiki njiani.

Sasa kanuni ya usalama, na hii ishike kuliko zote. Jua saa ya maji kupwa kabisa, na ikifika saa hiyo uso wako uwe umeelekea nchi kavu. Maji yakigeuka hayaji kwa mstari ulionyooka kutoka mbele. Yanaanza kujaza mikondo na mabonde, na mengine yako nyuma yako. Mtu anatazama mwamba, anaona bado pakavu, akigeuka anakuta kati yake na ufukwe kuna mto. Asiyejua kuogelea asiende peke yake kabisa. Ukiona akina mama wa mwani wanabeba magunia yao na kuondoka, nawe ondoka.

*Mchana.* Chakula cha mchana kiagize kabla hujaenda kutembea, au ukirudi tu. Jikoni za Paje hazina haraka: samaki anasafishwa ukishaagiza, nazi inakunwa ukishaagiza. Saa moja ni kawaida, saa moja na nusu si ajabu. Kwa bei ya kawaida tafuta mama ntilie upande wa kijijini: wali wa nazi na changu wa kukaanga, au mchuzi wa kolekole. Kitu kimoja nisingekubali mtu arudi Dodoma bila kukila ni pweza wa nazi. Pweza mzuri amepigwa na kuchemshwa mpaka kisu kinaingia bila ubishi, mchuzi mzito, ndimu juu. Akija mgumu wa kuvutana naye, rudisha kwa upole; hakupikwa akaiva.

Baada ya hapo lala. Nasema hivi kwa sababu najua tabia zetu. Mtu amelipa nauli, amelipa chumba, anaona kulala saa nane mchana ni hasara, basi anakubali kupelekwa Kizimkazi kutazama pomboo, Michamvi kwenye mgahawa ule ulio juu ya jiwe baharini, na pangoni Jambiani, vyote mchana mmoja. Jioni anarudi amechoka kuliko alivyokuwa Alhamisi ofisini. Mchana wa Paje ni joto, jua kali na upepo wa uvuguvugu. Kivuli, mkeka, dafu, usingizi. Kama ni lazima utoke, chagua kimoja, na mgahawa wa Michamvi ndio unaoendana na mwendo huu: maji yakipwa unaufikia kwa miguu, yakijaa unavushwa kwa mtumbwi. Weka nafasi mapema.

*Saa tisa na nusu hadi magharibi.* Maji yamerudi. Hapa ndipo utaelewa kwa nini nilikutoa nje kutazama mwezi. Rangi ni ile ile ya kwenye picha, na maji yamepita juu ya mchanga uliochomwa na jua mchana kutwa, kwa hiyo ni vuguvugu. Oga mpaka vidole vikunjamane.

Mambo matatu ya kuangalia. Vitu vyako viweke juu kabisa, karibu na minazi au ukuta, maana bamvua la jioni hula ufukwe wote na mawimbi ya mwisho hubeba viatu. Wakati wa kusi na wa kaskazi kuna watu wanaovutwa na matiara makubwa juu ya mbao. Paje ni maarufu kwa mchezo huo. Kamba zao ni nyembamba na zina nguvu, kwa hiyo oga mbali na wanapoanzia na usiokote kamba iliyoanguka. Na watoto wasiachiwe hata kama maji ni ya kina kifupi. Mtu mzima mmoja awe nje, mkavu, asiyetazama simu.

Jua halizami baharini upande huu. Linazama nyuma yako, juu ya minazi na mapaa ya makuti. Ila geuka mashariki saa hiyo: siku ya mwezi mpevu au ya kesho yake, mwezi unachomoza baharini jua likiwa limeingia tu.

*Usiku.* Ukioga bafuni usishangae sabuni isipotoa povu. Maji ya bomba ya nyumba nyingi za pwani hii yana chumvichumvi. Suuza mwisho kwa chupa ya maji yasiyo na chumvi kama ngozi yako ni nyepesi. Chakula cha usiku: urojo, mishkaki, chipsi, samaki wa kuchoma, kulingana na mfuko. Bia zinapatikana hotelini na kwenye baa za ufukweni; usitembee na chupa kijijini. Kutembea ufukweni usiku nenda na mwenzio, simu mfukoni.

Mapapasi na bei

Ufukweni utakutana na mapapasi, vijana wanaouza safari, bangili, miwani na urafiki. Wao wanaishi kwa hilo, na wengi ni watu wazuri wa kuongea nao. Kosa la Mtanzania wa bara ni mawili: ama anajifanya mkali kama afisa wa mapato, ama anaona haya na kukubali. Sema mara moja kwa sauti ya kawaida, "Ahsante kaka, leo napumzika tu," uendelee kutembea. Akiona Kiswahili chako kimenyooka na hujasimama, atakuacha.

Ukitaka kweli kitu, uliza bei ya mwenyeji kabla ya kupanda, kuketi au kuonja, na mkubaliane kwa shilingi. Bei ikitajwa kwa dola, cheka kidogo umwambie umetoka Dodoma, si Roma. Sehemu nyingi za kulala hutoza Watanzania bei tofauti na wageni wa nje, lakini hakuna atakayekutangazia: piga simu, ongea Kiswahili, uliza. Wakala wa pesa kwa simu wapo kijijini, ila jioni huwa wameishiwa taslimu.

Kurudi

Jumapili usiibane. Kutoka Paje hadi bandarini tenga saa mbili, hata kama gari litachukua moja na robo. Panda boti ya asubuhi, na kati ya saa ambayo boti inatia nanga Dar na saa ya treni acha nafasi isiyopungua saa tatu: boti huchelewa bahari ikichafuka, mizigo hukaguliwa, na milango ya stesheni hufungwa kabla treni haijaondoka. Tiketi ya treni ya kurudi kata siku ile ile unayokata ya kwenda, maana treni za Jumapili jioni kurudi Dodoma hujaa watu wa semina na wabunge wakati wa Bunge. Ukiwahi mno, Darajani ni karibu na bandari ya Zanzibar kwa miguu, na asubuhi wauza karafuu, mdalasini na halua wanakuwa wameshafungua. Ubuyu pia upo, umekolezwa sukari na rangi. Huo mnunulie jirani tu. Miti yenyewe tumeiacha Dodoma imesimama.